Sifa ya Umeme Uliotulia

Ukiuliza ardhi ya Manyoni ina urani kiasi gani utapewa namba, na namba hiyo itakuwa imetegemea mambo mengi: ramani ya mwanajiolojia, mkono wa rubani, hesabu za maabara. Chini ya yote hayo kuna jambo moja ambalo halizungumzwi sana, nalo ni umeme uliokilisha kipimo. Je, ulikuwa ule ule asubuhi, adhuhuri na jioni? Na mapigo yaliyohesabiwa yalitoka ardhini kweli, au baadhi yake yalitoka kwenye chaja ya simu iliyochomekwa jirani? Kuna mafundi ambao kazi yao yote ni kujibu maswali hayo mawili. Nataka kuwasifu, maana kazi yao ikifanyika vizuri haionekani kabisa, na ikifanyika vibaya huonekana kama madini.

Kusini mwa mkoa wa Singida, kuanzia Manyoni hadi Bahi upande wa Dodoma, kuna mbuga ambazo maji ya mvua huingia yasipate pa kutokea. Yameshuka kutoka kwenye miamba ya itale, ndugu wa majabali yale yaliyotapakaa kandokando ya Ziwa Singidani, na njiani yameyeyusha urani kidogo kidogo na kuibeba. Yakifika mbugani jua huyakausha. Chumvi na chokaa hubaki, na urani hubaki humo; katika mabonde ya namna hii mara nyingi hujifunga na vanadi na potasiamu ikawa madini ya njano yaitwayo kanotaiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi yetu ya Tanzania ilipimwa kwa ndege, kazi iliyofanywa na kampuni ya Geosurvey International, ndege zikiruka chini kabisa, mita 120 hivi juu ya ardhi, zikisoma sumaku na mionzi. Kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ikafuatilia dalili hizo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miaka mingi baadaye Uranex ya Australia ikarudi Manyoni na Bahi kutoboa mashimo ya utafiti. Watu wa huko wameishi na habari za urani muda mrefu, kwa matumaini ya ajira na kwa hofu ya afya zao, na vyote viwili vimesimama juu ya namba za vipimo.

Kipimo chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Moyo wake ni fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thali kidogo. Mwonzi wa gama ukiingia ndani ya fuwele hiyo huacha mmeto wa mwanga: kwa kila elektronivolti milioni moja inayoachwa, hutoka chembe za mwanga 38,000 hivi, na sehemu kubwa yake hutoka katika muda usiofika nusu ya milioni moja ya sekunde. Mwanga huo ni hafifu mno kwa jicho. Kwa hiyo nyuma ya fuwele hubandikwa mrija wa kioo uliotolewa hewa, wenye utando unaotema elektroni ukiguswa na mwanga. Elektroni moja huvutwa hadi sahani ya kwanza, ikaigonga na kung'oa nyingine tatu au nne. Hizo huvutwa hadi sahani ya pili, zikang'oa nyingine, na hivyo hivyo hadi sahani ya kumi. Mwishoni elektroni moja imekuwa laki kadhaa, hata milioni. Pigo hilo sasa lina ukubwa wa kuweza kupimwa, na ukubwa wake unaeleza nishati ya mwonzi ulioingia. Mashine hupanga mapigo kwa ukubwa, na kila atomi yenye mionzi hujitambulisha kwa kilele chake.

Kinachovuta elektroni kutoka sahani hadi sahani ni volti, kwa kawaida 1,000 hivi kwa mrija mzima. Na hapa ndipo ufundi unapoanza. Ukuzaji wa mrija haupandi sambamba na volti. Kila sahani huzidisha, na sahani ziko kumi, kwa hiyo kosa dogo huzidishwa nalo. Kwa mirija mingi, volti ikiongezeka kwa asilimia 1, pigo hukua kwa asilimia 7 hivi.

Asilimia 1 ni kitu gani? Taa ya sebuleni haioneshi tofauti hiyo. Feni haibadilishi mwendo. Lakini mpimaji wa mionzi ya ardhi hufanya kazi kwa madirisha matatu yaliyowekwa katika miongozo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki: la potasiamu, kuanzia kiloelektronivolti 1,370 hadi 1,570, la urani, 1,660 hadi 1,860, na la thoriamu, 2,410 hadi 2,810. Urani yenyewe haisomwi moja kwa moja. Kinachosomwa ni bismathi-214, kitukuu chake katika ukoo mrefu wa atomi zinazovunjika, na kilele chake kiko 1,765, katikati ya dirisha. Sasa punguza volti kutoka 1,000 hadi 990. Kilele cha 1,765 kitasomeka karibu na 1,645. Kimetoka nje ya dirisha. Sehemu kubwa ya urani ya mbuga nzima imetoweka kwenye karatasi, na hakuna aliyeigusa.

Upande wa pili ni hatari zaidi, na hasa kwa Singida. Itale ina potasiamu nyingi, na potasiamu ya kawaida, ile ile iliyomo katika ndizi na mwilini mwetu, ina mionzi yake ya asili: kila gramu moja huvunjika atomi 31 hivi kwa sekunde. Kilele chake ni 1,461. Volti ikipanda kwa asilimia 2, kilele hicho kitasomeka karibu na 1,680. Kimevuka dirisha lake na kuingia katika dirisha la urani. Jabali la kawaida kabisa, ambalo watoto hupanda juu yake kuanika nguo, litaandikwa kwenye ramani kama mwamba wenye utajiri. Watu watanunua leseni. Wengine watahama kwa hofu. Na chanzo ni volti 20 zilizozidi mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Hapo inaeleweka kwa nini fundi wa vipimo hivi hana mzaha na umeme. Na Singida ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa sababu mji huu leo ni njia panda ya umeme wa taifa. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa na Dodoma hupita hapa kwenda Shinyanga, na nyingine huanzia hapa kupitia Babati na Arusha hadi Isinya nchini Kenya. Pamoja na ukubwa huo wote, mwisho wa laini kijijini ni mwisho wa laini. Jioni mashine za kusaga zikiwaka watu husema umeme mdogo, au umeme unacheza, na mwenye friji huichomoa kwanza ndipo aulize. Stabilaiza ya dukani humtosha mwenye friji. Huziba mashimo makubwa, ikiruka kutoka hatua moja hadi nyingine, na kati ya hatua na hatua inaacha volti kadhaa zicheze zitakavyo. Kwa mrija wa kuzidisha mwanga, volti kadhaa ni ukoo mzima wa madini.

Kutuliza umeme kwa kweli ni kazi ya kulinganisha bila kuchoka. Ndani ya kitulizaji kuna kitu kimoja kidogo ambacho volti yake haitikisiki, kwa kawaida diodi ya zena au kipande cha silikoni kilichobuniwa kwa kazi hiyo tu. Sehemu ndogo ya umeme unaotoka hurudishwa na kupimwa dhidi ya kigezo hicho. Ukizidi, transista hubana, ukipungua, hulegeza, na hilo hutokea maelfu ya mara kwa sekunde. Fundi yeyote wa redio ameshika 7812, ile yenye miguu mitatu, inayopokea volti 15 au 18 zinazoyumba na kutoa 12 zilizotulia. Kanuni ni hiyo hiyo kwenye volti 1,000, ila hapo hakuna kipande cha miguu mitatu cha kununua. Fundi anapaswa kugawanya volti 1,000 kwa mnyororo wa rezista mpaka zifike kimo cha kigezo, na uaminifu wa mnyororo huo ndio uaminifu wa kipimo kizima.

Chukua rezista ya kaboni ya bei nafuu. Kila joto likipanda nyuzi moja, hubadilika kwa sehemu 500 hivi katika milioni. Alfajiri ya Julai Singida ni baridi ya kuvaa koti. Adhuhuri, ndani ya boksi la chuma lililoachwa juani nyuma ya gari, joto linaweza kuwa limepanda nyuzi 20 na zaidi. Sehemu 500 mara 20 ni asilimia 1 kamili. Rezista za mnyororo zikibadilika zote kwa kadiri moja, uwiano husalimika. Zikiwa za mafungu tofauti, zimenunuliwa hapa moja na pale moja, hausalimiki. Rezista ya utando wa metali, yenye sehemu 50 katika milioni au pungufu, ina bei kubwa kidogo tu na huondoa karibu tatizo lote. Fundi mzuri huzinunua za fungu moja, huzipanga pamoja zishiriki joto lile lile, kisha huliweka boksi kivulini. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji shahada. Zote zinahitaji mtu anayejali jambo la sehemu moja katika elfu.

Kisha kuna kelele. Umeme unaweza kuwa na kimo sahihi na bado ukawa na mtetemo juu yake, kama redio ya mawimbi ya kati inayomshika mtangazaji barabara huku mashine ya kusaga ya jirani ikikwaruza chini ya sauti yake. Umeme wa shirika la TANESCO hupiga mara 50 kwa sekunde, na ukishanyooshwa na diodi huacha mawimbi 100 kwa sekunde ambayo kapasita haziyamalizi. Chaja, inveta na vidhibiti vya sola hukatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kukata hutema mwiba mdogo. Na porini, ambako kipimo hutegemea betri ya volti 12, hakuna njia ya kupata volti 1,000 bila kukatakata umeme huo huo ndani ya boksi lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi hulifungia jiko hilo la volti ndani ya kisanduku chake cha chuma, huchuja kila waya unaotoka, na hupima.

Upimaji wa kelele ndio sehemu ya ufundi huu ninayoipenda kuliko zote. Huanza kwa kuondoa, si kwa kuongeza. Mrija hufunikwa kitambaa cheusi mara mbili, kwa sababu ufa mdogo unaopitisha mwanga wa taa huonekana kama mionzi. Chanzo chochote cha mionzi hutolewa chumbani. Simu huzimwa, maana simu za kizazi cha pili zinapotafuta mnara hutuma mafungu ya mawimbi mara 217 kwa sekunde, na waya wowote mrefu ni erio. Kisha fundi huinua kizingiti, yaani ukubwa wa chini kabisa wa pigo litakalohesabiwa, hatua kwa hatua, na kwa kila hatua huandika idadi ya mapigo kwa dakika. Kizingiti kikiwa chini sana, hesabu hufurika kwa kelele tupu. Kikipanda, hesabu huporomoka ghafla, halafu mstari hulala. Pale unapolala ndipo mionzi ya kweli inapoanza: ile ya ukuta, ya sakafu, na ya anga juu, ambayo hupita mwilini mwa kila mtu bila kukoma, chembe moja hivi kwa dakika kwa kila sentimita ya mraba ukiwa usawa wa bahari, na zaidi kidogo kwenye mwinuko wa Singida wa mita 1,500.

Baada ya hapo hupenyeza pigo analolijua. Kapasita ndogo sana ya pikofaradi moja, volti zilizopimwa, na chaji inayoingia ni ile ile kila mara. Mapigo yote yangepaswa kutoka sawasawa. Hayatoki sawasawa. Yanatawanyika na kujenga kilima chembamba, na upana wa kilima hicho ndio kelele ya saketi, imeandikwa kwa namba moja isiyobishana. Sasa ndipo upelelezi unapoanza. Fundi huzima taa ya mrija ya ukutani, hutazama upana. Huchomoa kompyuta kwenye ukuta ikaenda kwa betri yake, hutazama upana. Hubadilisha umeme wote kuwa betri. Upana ukipungua ghafla, mkosaji yuko kwenye pawasaplai, usipopungua, yuko mbele zaidi, karibu na mrija. Huupinda waya, huuvuta, huukaza. Hugusa boksi kwa kiganja. Kama kelele inabadilika akiligusa, basi boksi halijafungwa ardhini vizuri.

Suala la waya wa ardhini ndilo linalowatesa wengi. Mtu hudhani akifunga waya wa ardhini mahali pawili usalama umeongezeka maradufu. Kwa kipimo cha mionzi amejenga pete, na pete yoyote ya waya iliyo karibu na transfoma huokota mtetemo wake. Fundi hufunga ardhi mahali pamoja tu, na waya zote za sifuri hukutana hapo. Katika ardhi kavu ya kati, ambapo nondo ya shaba iliyopigwa mchangani mwezi wa Septemba haishiki chochote cha maana, hata hapo pamoja pana kazi yake: kuchimba kwenda chini zaidi, kutia mkaa na chumvi, kumwagia maji, na kupima tena.

Kuna mwisho wa juhudi hizi, nao una historia yake. Kati ya mwaka 1926 na 1928 John B. Johnson, akiwa katika maabara za Bell huko Marekani, na Harry Nyquist walionesha kwamba rezista yoyote yenye joto hutoa kelele hata kama haijaunganishwa na umeme wowote, kwa sababu elektroni zake hazitulii maadamu kuna joto. Rezista ya ohmu milioni moja, kwa joto la chumba, ikisikilizwa katika upana wa mawimbi 10,000 kwa sekunde, hutetema kwa mikrovolti 13 hivi. Fundi akifika hapo amefika mwisho wa kosa la binadamu. Kilichobaki ni maumbile, na njia mojawapo ya kukipunguza ni baridi; vigunduzi vya fuwele ya jerimani katika maabara navyo hupozwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili joto lisizalishe umeme wa kuvuja ndani yake. Wengi huacha mapema zaidi, wakiona kelele imeshakuwa ya kuvumilika. Anayeendelea mpaka akutane na Johnson na Nyquist, na akajua kwa hesabu kuwa amekutana nao, huyo ninamheshimu sana.

Porini kuna zawadi ambayo maabara haina. Kwa kuwa potasiamu imo karibu katika kila mwamba wa Singida, kilele chake cha 1,461 huonekana popote mpimaji anaposimama. Vipimo vya kisasa hukitumia kujisahihisha: kilele kikionekana kimesogea hadi 1,450, mashine inajua ukuzaji umepungua na huurekebisha. Itale ambayo ingeweza kudanganya kipimo kibovu ndiyo inayokinyoosha kipimo kizuri. Hata hivyo marekebisho hayo hufanya kazi tu kama kilele ni chembamba na kelele ni ndogo kiasi cha kukiona vizuri. Programu haiwezi kuokoa saketi yenye vurugu.

Wala tusidhani matatizo haya ni ya wenye vifaa duni. Huko CERN, maabara ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kigunduzi cha CMS kiliwekewa mwaka 2017 sehemu mpya ya ndani kabisa, iliyolishwa na vitulizaji vidogo vinavyoteremsha volti palepale karibu na vihisio. Vilibuniwa kwa uangalifu mkubwa: koili zake hazina kiini cha chuma, kwa sababu sumaku ya CMS, yenye tesla 3.8, ingekizima kiini chochote. Mwaka huo huo, kabla haujaisha, baadhi ya vitulizaji hivyo vikaanza kufa kila vilipozimwa na kuwashwa. Uchunguzi ulionesha kwamba mionzi ilikuwa imeifanya transista moja ndani ya chipu ivujishe umeme kidogo, na chipu ikiwa imezimwa, mvujo huo ulijaza sehemu ya ndani mpaka ikaungua. Vyote vikabadilishwa wakati mashine imesimama, na namna ya kuviwasha na kuvizima ikabadilishwa pia. Mashine kubwa namna hiyo ilirudishwa kwenye swali lile lile ambalo fundi wa Manyoni hujiuliza juu ya meza yake: umeme huu unafanya nini pale ambapo simtazami?

Kwetu, maswali haya yana sheria na ofisi. Sheria ya kinga ya mionzi ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na sheria ya mwaka 2003 ikaifanya kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Moja ya kazi zake ni kupima vyakula vinavyovuka mipaka. Asali ya Manyoni na Itigi ikitaka kwenda ng'ambo inahitaji cheti kinachosema haina mionzi ya kutisha, na mionzi inayotafutwa zaidi ni ya seziamu-137, iliyoenea duniani baada ya majaribio ya mabomu na baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Kilele chake ni 662. Jirani yake, 609, anakaa tena bismathi-214, yule yule wa ukoo wa urani. Kwa fuwele ya iodidi ya sodiamu, ambayo kilele chake hapo kina upana wa kiloelektronivolti 45 hivi hata saketi ikiwa safi, vilele hivyo viwili hugusana mabega. Ongeza kelele, mabega yanakuwa mlima mmoja, na mrina asali asiye na kosa anaweza kusubiri jibu kwa sababu ya kapasita iliyochoka. Kigunduzi cha jerimani hutenganisha vilele hivyo bila shida, lakini chaji kinayoipokea kutoka kwa mwonzi mmoja ni elektroni 220,000 hivi, sehemu ndogo sana ya kulombi, na haikuzwi na mrija wowote kabla ya kufika kwenye kikuza. Umeme unaokilisha unapaswa kuwa na kelele ndogo kuliko wote niliokwisha kuutaja.

Ninaamini kazi hii ingeweza kufundishwa Singida kwenyewe. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA na anajua kulehemu bila kuunguza, anayesoma mita kwa subira na kuandika alichokisoma, ana zaidi ya nusu ya kinachohitajika. Chanzo cha mionzi cha kujifunzia hakihitaji kibali wala kasha la risasi. Kilo moja ya mbolea ya MOP kutoka duka la pembejeo ina potasiamu nusu kilo hivi, ambayo huvunjika atomi zaidi ya 15,000 kila sekunde, na katika kila kumi moja hutoa gama ya 1,461. Mfuko huo ukiwekwa mbele ya fuwele, kilele huinuka ndani ya dakika chache. Aanze kwa betri, kabla ya kugusa umeme wa ukutani. Aandike volti, joto na mahali kilele kilipo, asubuhi hadi jioni. Aongeze volti 10 na akione kilele kikihama, azirudishe na aone kama kimerudi pale pale. Halafu achomeke kwenye ukuta, saa mashine za kusaga zinapowaka, na aanze kutafuta.